Siku Niliyopaswa Kukohoa

Harborne, Birmingham
14 Mei

Kwako dada Kemunto,

Pokea salamu zangu nyingi. Hamjambo nyumbani? Goti la mama linaendeleaje na baridi hiyo ya Keroka? Sisi huku wazima wa mwili. Moyo wangu ndio mgonjwa. Nimeandika barua kwa sababu simu ningeikata.

Uliniuliza habari za Kocha Murdo, yule Mskoti aliyekuvunja mbavu alipokusalimu kwa Kiswahili. Alikuwa beki hodari kwao Uskoti, kisha hapa Birmingham, akipiga mipira kwa kichwa miaka kumi na sita. Miaka ishirini mingine amewafundisha vijana. Sasa, dada, kichwa hicho kinamsaliti. Anasahau majina. Tangu Januari mimi, msaidizi wake, ndiye ninayemfichia, maana mkewe alishafariki na bila uwanja hana kitu.

Kila Mei huwaita vijana mmoja mmoja na wazazi wao, kuwaambia nani anabaki na nani anaachwa. Hataki kusoma popote. Husema mtoto haachwi kwa karatasi, anatazamwa machoni. Basi tulikubaliana niketi kando yake, na akikosea mtoto nikohoe.

Jumamosi aliingia Maulid na mamake, Rukiya, muuguzi anayetugawia sambusa kila mechi. Kocha akamshika kijana mkono, akamwambia kwa upole kwamba safari yake na timu imeishia hapo. Maulid akamshukuru. Rukiya akanitazama mimi, nami nikainamia viatu vyangu.

Dada, aliyepaswa kuachwa ni Derrick wangu. Kocha mwenyewe aliniambia Ijumaa, huku machozi yakimlengalenga. Koo langu lilikuwa zima kabisa, na sikukohoa.

Jana kocha aliniuliza mbona Maulid haonekani mazoezini. Nikamjibu kwamba ana homa. Akaniagiza nimpelekee salamu.

Najua mmeshamchinjia Derrick mbuzi kwa kubakishwa kwenye timu, na mama ametoa shukrani kanisani. Nisameheni. Nikisema ukweli, mwanangu atavunjika moyo na mzee ataondolewa uwanjani, kwa mkono wangu. Ninaogopa mno. Lakini nikishaitia barua hii posta naelekea kwa Rukiya. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisiweze kurudi nyuma.

Msalimie mama, ila usimsomee bado. Derrick anawasalimu, amevaa jezi tangu asubuhi na hataki kuivua.

Ni mimi mdogo wako,
Jairus