Duka Lako na Vita vya Uvira

Ndugu yangu Rajabu,

Tangu tukuzike, hapa mtaani Buyenzi, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, nimekosa mtu wa kunibishia. Nasoma gazeti hadi mwisho, nagonga meza, na waliopo wanatikisa kichwa kunikubalia. Hujui inavyochosha.

Ulikuwa ukinicheka: "We mwalimu, vita vya Kongo vinakuuma nini? Mutu akikimbia shamba, atanunua kwetu." Nilikujibu kwa vitabu vitatu, wewe ukanijibu kwa duka la vitenge lililojaa wateja. Akina mama wa Uvira walivuka mpaka asubuhi na kurudi na marobota ya vitenge kabla jua halijawa kali. Mashirika ya misaada yalipanga majumba ya mtaa wa Kinindo. Ukaniita nabii wa njaa, nami nikaandika gazetini kwamba duka lako linanenepa kwa damu. Ulikata ukurasa ule, ukaubandika ukutani, ukawasomea wateja.

Hukukaa ukaona. Mapigano yalifika Uvira kwenyewe. Wateja wako walivuka safari ya mwisho na magodoro kichwani, kisha mpaka wa nchi ukafungwa. Mama Furaha, yule mteja wa Uvira uliyemwita waziri wako wa fedha, aliingia dukani. Hakugusa kitambaa. Aliomba maji ya kunywa.

Sasa wapakiaji wanasinzia barazani, na fundi wa jirani ameuza cherehani. Basi, nimekushinda. Njoo uuchukue ushindi huu, siutaki.

Zainabu, mke wako, alitaka kufunga duka. Akaniuliza mimi, mbele ya ukurasa ule ule. Rajabu, nilitamani sana uwepo unitukane. Nilimwambia asifunge. Nilimwambia vita vimetunyang'anya soko, lakini akina mama wa Uvira, wauzaji hodari, vimewaleta mlangoni kwetu. Awape vitenge wavitembeze mitaa ya Ruziba na Kigobe. Alinitazama kwa jicho lake lile unalolijua. Kisha akamwita Mama Furaha.

Mama Furaha alitoka na vitenge sita, akauza viwili. Ni kidogo, najua ungesema nini. Zainabu amekubali kungoja hadi Ramadhani iishe. Huenda mlango ukafungwa hata hivyo.

Naahidi nitakuwa naye kila asubuhi kuufungua. Na nikiandika tena juu ya vita, nitaandikia pale kwenye kiti chako, wauzaji wakinisikia, wanikosoe.

Nimekukumbuka, mbishi wangu. Mola akupanulie kaburi lako.

Ndugu yako,
Mwalimu