Mama Hakuyachoma Madaftari

Nyumbani kwetu, chumba cha mbele,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Magoti yanaendeleaje? Natumaini shemeji amepona kikohozi na cherehani yako bado haijakugomea. Kwa upande wangu sitakuficha: daktari ameacha kunipa tarehe za kurudi kliniki. Ananiambia nile ninachotaka. Nimeelewa.

Ndiyo maana mwandiko umelegea. Barua hii nimeianza mara nne. Simu nayo nimeijaribu, lakini nikisikia "Haloo, kaka," naishia kukuuliza kama mvua imenyesha.

Kuna muuguzi anayekuja asubuhi kunibadilishia bandeji. Anajiandaa kwa mtihani wa Kiingereza ili apate kazi nje, na sentensi za masharti na kauli ya kutendwa zinamtoa jasho. Akaniomba nimfundishe. Nikamwonyesha sanduku chini ya kitanda, atoe madaftari sita niliyofundishia miaka thelathini na moja. Akawa anasoma na kunifasiria, nimsahihishe: "Nisingechoka hivi kama kaka angeosha sahani yake." Akafunua ukurasa. "Suruali ya kaka imepigwa pasi na mimi tena." Akacheka mpaka mkasi ukamponyoka.

"Babu, huyu kaka mvivu ni nani? Na wewe ulikuwa dada wa nani?"

Nikamwambia ni mwandiko wa marehemu mke wangu. Hata sasa, na siku zenyewe za kuhesabu, nikadanganya.

Madaftari ni yako, Chiriku. Ni yale uliyoyajaza kwa miaka miwili, ukitunga sentensi kwa mambo ya nyumba yetu na kuzisema kwa sauti huku unafua. Mama hakuyawashia jiko. Niliyachukua mimi.

Sote wawili tulikuwa tunajiandaa kwa mtihani wa chuo cha ualimu, nawe ulikuwa umeniacha mbali kwa Kiingereza. Nilikusudia kuyasoma siku mbili kisha niyarudishe. Ulipoanza kuyatafuta, ukapekua mpaka gunia la mkaa, nikaogopa. Ukaona karatasi zilizoungua jikoni, hasira zote ukamshushia mama. Yale yalikuwa magazeti tu. Siku ya mtihani uliingia huna pa kushika, mimi nikaingia na jasho lako kichwani.

Lipo zito zaidi. Mama alijua. Aliyakuta chini ya godoro langu siku ileile ya mtihani, alipokuja kubadilisha shuka. Nilimpigia magoti. Akakaa kitandani, akasema, "Akijua ni wewe, hamtakuwa ndugu tena. Niachie mimi. Mama hakasirikiwi muda mrefu." Akanitaka nikueleze mwenyewe nikishaajiriwa. Nikaajiriwa. Nikasema mwaka ujao.

Imekuwa miaka arobaini na sita. Ulipokuwa ukimwita "huyo mama yako", mimi nilinyamaza. Alipolala kitandani kwa mara ya mwisho, kabla hajakata kauli, aliniuliza kama nimeshakuambia. Nikamjibu, "Ndiyo, nimemwambia." Akauliza, "Sasa mbona haji?"

Mazishini hukuja, nami nilisimama pale kama mtoto mwema, watu wakinishika mkono na kunipa pole.

Sijui kama haya yanamsafisha mama au yanamtia doa. Sina tena nguvu za kuyapima. Wanafunzi walizikariri sentensi zako wakidhani ni zangu. Waliniita Mwalimu Laiti kwa ajili ya zile za masharti, na nilitembea na jina hilo kifua mbele. Kila laiti ilikuwa yako.

Jana nilimweleza muuguzi ukweli. Alimaliza kufunga bandeji, na leo hajaniita babu. Ndiye atakayeposta barua hii na madaftari. Aliniomba abaki na la sita mpaka afanye mtihani wake. Nikamwambia si langu la kuazimisha. Kijikaratasi chake cha kukuomba kimo ndani. Mjibu upendavyo.

Msamaha sikuombi. Nimeshachukua vya kutosha kwako.

Nisalimie shemeji, binti yako dereva, na wale mapacha wake. Mungu akulindie macho, uendelee kutunga uzi bila kuazima miwani ya mtu.

Ila nakusihi, mdogo wangu, njoo. Wala usije kwa ajili yangu. Ukinikuta hai, nipite. Kaburi la mama ni la tatu kutoka langoni, upande wa ukuta, maana hujawahi kuliona. Kaa naye kidogo. Mwambie hukuja kwa sababu kaka hakuwa amekuambia.

Wako akupendaye, aliyewakosea ninyi wote wawili,
Kaka yako.