Shabani na Gemu la Hazina

Mikumi, Jumamosi

Sitalia kwa ajili ya gemu. Na kweli, hili si suala la gemu tena.

Wiki nzima mimi na Shabani tumecheza pamoja, yeye Kilosa, mimi huku, tukisikilizana kwenye simu. Ni gemu la wawindaji wa hazina wanaopigana na mifupa inayotembea ndani ya mahekalu ya kale. Tulilisubiri sana. Kumbe kila hekalu ni lile lile, na kupiga risasi ni kama kuirushia ile mifupa punje za mahindi. Jana Shabani mwenyewe aliniambia, "Rehema, tumepigwa. Hili gemu bovu, waambie watu."

Leo asubuhi nikawaambia. Niliandika maoni marefu kwenye grupu letu la wachezaji. Mwenye banda la gemu la Kilosa, anayelisifia gemu hilo kwa wateja wake, akakasirika. Shabani akawahi kumjibu humo humo kwa ujumbe wa sauti: "Kaka, gemu halina shida. Dada yetu hajui kulenga tu."

Grupu zima likacheka.

Nikampigia. "Sasa ulitaka nisemeje?" akaniuliza. "Jamaa amenichukua kwenye timu yake ya mashindano."

Mashindano ambayo tulijiandikisha mimi na yeye, timu moja.

Jioni akanitumia mwaliko tucheze, kana kwamba... Sikuufungua.

Nimeyasoma tena maoni yangu. Kote nimeandika "tumeona", "tumechoka", "tunashauri". Hakuna hata mahali pamoja nilipoandika "mimi".