Chumba cha Kurara

Mjukuu wangu Keza,

Huku Kagugu hatujambo. Shangazi yako alipaka ukuta wa mbele rangi, mvua ikauharibu kabla haujakauka. Natumaini joto la Dar es Salaam halikuchoshi.

Umeniuliza kiolezo cha michoro kwenye kompyuta kianze na nini, yaani faili ambalo kila nyumba mpya itaanzia humo. Cha kwanza ofisini kwetu alikitengeneza marehemu bibi yako, tukiwa bado wachumba. Aliweka unene wa kuta, vipimo, na majina ya vyumba kwa Kiswahili, maana wateja wetu wengi walikuwa wamerudi kutoka Tanzania kama mimi. Yeye alikulia hapa hapa, basi akaandika "Chumba cha kurara". Kila mchoro mpya ukawa unafunguka na kurara yake.

Nilimcheka mbele ya wenzetu, nikasahihisha. Akasema taratibu, "Sisi kwetu tunarara." Na kweli, kwa Kinyarwanda kurara ni kulala mahali mpaka kuche. Tangu siku ile majina ya vyumba aliniachia mimi.

Tulipomaliza matanga yake nilifungua michoro yote ya zamani, nikilitafuta lile kosa. Sikulipata popote. Nilikuwa nimesahihisha vizuri mno.

Nakutumia kiolezo chake. Kuta ni zake, vipimo ni vyake. Kwenye chumba kimoja nimeandika tena "kurara", kwa mkono wangu.

Tafadhali, usilisahihishe.

Babu yako