Firigisi Yako Nimeila Mimi

Baba Anjelina,

Huko uliko usishtuke, sijambo. Anayeandika ni mkamwana wetu Yustina. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Mimi sikusoma na wewe unanijua.

Kwanza tumbo, maana najua ndilo unaloulizia. Kale kapande daktari alikoniachia kanafanya kazi. Nakula kidogo kidogo kama kuku anayedonoa: uji, jua likipanda ndizi ya kuponda, kisha tena, kisha tena. Nikijisahau nikala kama zamani, moyo unaenda mbio, jasho linanitoka, nakimbilia chooni. Basi nashika adabu. Shambani naenda na bakuli langu nimelifunga kwenye kanga. Majirani wakicheka nawaambia, chekeni, na nyinyi mna matumbo.

Wewe uliyelia wodini mpaka nesi akauliza mgonjwa ni yupi, kumbe ndiwe wa kutangulia. Mjinga wewe. Nimekukasirikia sana. Mpaka leo nikikoroga uji nakoroga wa watu wawili, halafu… Haya, tuache.

Sasa sikia. Mjukuu wako Pendo kapata mchumba, kijana wa Kisukuma wa Nyarubungo. Tukaenda kwao kuonana. Wakachinja jogoo. Kwa kuwa wewe haupo, firigisi wakaniwekea mimi, peke yake kwenye sahani, kama mkuu wa kaya. Mimi, mwanamke! Na daktari alishanikataza nyama ngumu. Nikaisogeza pembeni.

Baba wa kijana akaacha kutafuna. Mama yake akasema, "Mayu, mama yetu, kama mtoto wetu hamumtaki, tuambieni tu." Pendo ananiangalia, machozi yamemjaa. Mtoto akose mume kwa sababu ya firigisi?

Nikasimama, nikapandisha blauzi, nikawaonyesha mshono wote, kuanzia chini ya kifua mpaka kitovuni. "Tumbo langu limebaki hospitali. Mtoto wenu namtaka, tena sana. Ila hili jiwe lenu, nipeni kisu!" Yule mama akacheka mpaka akashika ukuta. Pendo akajifunika uso kwa kitenge, sijui kwa aibu au kwa furaha.

Nikaikata vipande kama punje za mtama. Nikatafuna. Wakamaliza ugali, natafuna. Wakanawa mikono, natafuna. Kuku waliobaki wakaingia bandani kulala, mimi natafuna tu. Nilipoacha kutafuna wakapiga vigelegele kama harusi imeshafungwa.

Nilikuwa nakuona wewe, mzee wangu. Ulivyokuwa unakuja nyuma ya jiko umeficha nusu ya firigisi kiganjani. "Meza haraka, mama anakuja." Mama yako alisema mwanamke haili, na wewe ukanilisha miaka yote ile. Sasa nimepewa yangu mbele za watu, na wa kumgawia simwoni.

Kwa hiyo kipande kimoja sikukila. Nilikifunga kwenye jani la mgomba nikaja nacho mpaka Mugoma, kaburini kwako. Nimekifukia hapo ubavuni pako, chini kabisa, mbwa wasikifukue.

Kula, usinione mchoyo. Mimi nitaendelea kudonoa hivihivi mpaka nimbebe mtoto wa Pendo mgongoni, ndipo nije nikusimulie anafanana na nani. Lala salama, mume wangu. Jogoo wa harusi akichinjwa, nusu ni yako.

Mkeo, mama Anjelina