Vidole vya Dada, Jina la Mdogo

3 Machi

Kwa pacha wangu mkubwa,

Shikamoo, kwa zile dakika chache ulizonitangulia. Hujambo wewe na shemeji? Sisi wazima, isipokuwa mama na macho yake.

Kadi yangu ya kitambulisho imetoka. Nikakimbia nayo hospitali nisaini mama atolewe mtoto wa jicho. Nesi akaniambia weka kidole. Mashine ikalia: si mwenye kadi. Nikaweka vyote kumi, nusura nivue na viatu. Dada, umesahau? Siku ya kujiandikisha, kabla hujahamia huko mbali kwa mumeo, nilikuwa kitandani na tumbo langu, wewe ukaenda na cheti changu, ukakaa mbele ya kamera ukawaambia wewe ndiye mimi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma! Sasa daktari anasema jicho moja limeshaharibika, na hili la pili halitangoja. Njoo usaini wewe.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Shemeji yako anakusalimu.

Nije na nini? Tiketi haziuzwi bila kadi. Jana nilitoka jikoni shuleni na aproni yangu, nikapanga foleni nijiandikishe. Karani akaweka vidole vyangu, akanisomea jina lako. "Umeshaandikishwa, mama." Nikamwambia huyo ni mdogo wangu. "Basi wewe ndiye mdogo wako," akasema, akaita mwingine. Nikataka kusema ukweli, nikaona tangazo ukutani: kujiandikisha kwa jina la mtu ni kifungo. Nikafyata mkia.

Nitumie hiyo kadi nisafirie. Si ina sura yangu?

Dada yako

28 Machi

Dada,

Shikamoo. Wote wazima, mama vilevile.

Kadi ipi? Hospitali wameizuia mpaka "mwenyewe" aje. Mwenyewe! Nimesimama mbele yao na mtoto mgongoni, naambiwa nikamwite mwenyewe.

Nimefikiri hadi kichwa kinaniuma. Vidole vyangu havimo popote. Nitumie cheti chako cha kuzaliwa, nijiandikishe kwa jina lako. Mama ana watoto wawili tu, na hospitali wanataka mtoto yeyote mwenye kadi.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Afya ipo, moyo ndio unaniuma.

Cheti hicho hapo. Umefikiria lakini? Kwa karatasi, mume wangu sasa ni wako. Mchukue na kukoroma kwake. Mwanao naye ni wangu, na nguo zote za kushona unazowachelewesha wateja wako nitadaiwa mimi. Natania, ila nilipokuwa nafunga bahasha nililia. Ni jina langu, nimeitwa hivyo maisha yangu yote, na sasa nalipa nauli ya posta liende kwa mwingine. Basi, mama aone kwanza. Mengine tutayajua.

Dada yako

20 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Hamjambo? Mama anaona!

Kadi ilipotoka nikarudi hospitali. Nesi akanikodolea macho, nikamwambia sisi ni mapacha. Angalau hilo kweli. Kidole kikakubali, nikasaini, wakamfanyia upasuaji siku ya pili yake. Na kadi ile yenye sura yako wamenikabidhi nikupelekee.

Sasa sikiliza balaa. Alipofunguliwa bandeji, nesi akamwambia, "Mshukuru binti yako aliyekusainia," akasoma jina lako. Mama akanishika uso kwa mikono miwili. "Mwanangu wa mbali, umekuja!" Akalia kwa furaha. Na nesi yule amesimama palepale na faili. Nikaitika kwa jina lako.

Usiku nikamnong'oneza ukweli. Sauti zetu unazijua, hata mumeo huzichanganya. Mama akanipapasa mkono, "Usimfichie mdogo wako." Anadhani ni wewe, unanitetea mimi. Anakusifu mchana kutwa, wodi nzima imeshakujua. Halafu ananiuliza mdogo wangu yuko wapi, mbona kamkimbia siku ya upasuaji. Mimi, niliyemwogesha na kumlisha tangu macho yalipoingia giza! Na leo ameapa akiruhusiwa harudi kwa huyo mtoro, atakwenda kuishi na wewe.

Nimechoka, dada. Nimechoka na mashine, na foleni, na kadi zao, na jina lako pia nimelichoka. Kadi yenye sura yako nimeitia humu. Kata tiketi, upande gari, uje usimame hapa kitandani, tuwe wawili. Nataka mama anione na mimi.

Mdogo wako