Likizo ya Baiskeli, Njia ya Ukweni

Alhamisi, 8 Juni 1995

Mazoezi tena uwanja wa shule. Kupanda najua. Kwenda najua. Kusimama bado: naruka tu, baiskeli inaanguka kwake, mimi kwangu. Baba Koku anakimbia nyuma ameshika keria, jasho linamtiririka, anacheka. Miaka kumi ya ndoa na bado nampenda akicheka.

Kesho kutwa tunaondoka. Ndaki, rafiki yake aliyefungua ofisi ya utalii Nyamagana, anataka kuwazungusha Wazungu kwa baiskeli kando ya ziwa. Anahitaji watu wawili wa kuijaribu njia kwanza. Mimi shule imefungwa, mwenzangu kiwanda kimemfungia nje. Tumekubali.

Majirani hapa Pasiansi hawana mbavu. Baiskeli ni ya kubebea samaki na mkaa. Mtu na akili zake anaipanda ili apumzike?

Ijumaa, 9 Juni

Suruali ya mitumba nimepata. Kanga itakaa juu yake.

Jioni tulirudia yale yale. Nyumba ya kiwanda tunaihama mwisho wa mwezi, mwenye kiwanda mpya anaitaka. Baba Koku anataka twende kwao kijijini. Ardhi ipo, shule ipo, nitaomba uhamisho. Nimesema siendi kuishi kwa mtu asiyenitambua. Baba mkwe hakuja harusini. Hakutoa hata ndama kwenye mahari. Eti Mhaya kama mimi ukimuudhi kidogo anapanda meli anarudi kwao Bukoba. Nimemwona mara moja tu, msibani, tena mgongo.

Baba Koku akaenda kunipashia maji ya kuoga. Ndivyo alivyo, maneno yakimshinda anafanya kazi.

Jumamosi, 10 Juni

Bujora. Nimefika! Makalio si yangu tena.

Tumepita Igoma, Kisesa, malori yakitufukia vumbi. Ndaki mbele, mimi katikati, Baba Koku nyuma akiimba Kisukuma ili nisikisikie kilima. Koku tumemwacha kwa dada yangu, kwa hiyo mume nimempata peke yangu kama zamani. Kila kijiji wanauliza tunanunua nini. Siku hizi kila mgeni ni mnunuzi binafsi wa pamba. Ndaki akisema tunatembea tu, hawaamini. Mama mmoja alituletea pamba kwenye ungo, akataka bei. Nilimwambia nzuri sana. Akakasirika, hakutaka sifa.

Baba Koku kanichomoa mwiba wa mguuni kabla ya kuugusa wa kwake. Nina furaha. Naandika wazi.

Jumapili, 11 Juni, mchana

Hasira.

Asubuhi Ndaki akifunga mizigo karopoka: "Mwalimu, leo tunalala kwa mzee Maige." Mzee Maige ndiye baba mkwe. Kumbe njia hii aliichora mume wangu. Wamekaa watu wazima wawili wakanipangia. Nilipomuuliza akasema alijua ningekataa. Ndiyo, ningekataa! Ndiyo maana watu huulizwa.

Sisemi naye. Tumepumzika kwenye kivuli cha mwamba. Ananimenyea karanga, anaziweka kwenye leso karibu yangu. Sili.

Nimekula chache.

Jumapili, jioni

Jicho moja bado linawasha. Nijaribu kuandika kwa utaratibu.

Nilitangulia kwa hasira. Mteremko. Wanawake walioanika dagaa wakanipigia vigelegele. Chini, njia inapoingia katikati ya ua wa minyaa, mzee mrefu anakuja na kibuyu cha maziwa. Uso wa Baba Koku kabisa, umeongezwa miaka. Kwao Wasukuma mke wa mwana na baba mkwe hawagusani hata mkono. Wakikutana njiani, mwanamke anatoka barabarani, anapiga magoti kwa mbali. Hilo nalijua. Kusimama ndiko sijui. Nilipaza shikamoo na kupiga kengele kwa pamoja, nikaingia kwenye minyaa kichwa mbele.

Utomvu wa minyaa unapofusha. Nilikuwa napiga kelele, sioni kitu. Nikasikia mikono. Mmoja umenishika kichwa, mwingine unanimiminia maziwa machoni mpaka kibuyu kikaisha. "Usifikiche! Usifikiche, mwanangu!"

Baba Koku alipofika mbio, mzee akaniachia kama kaa la moto. Akageuka, akasema na mwanawe kana kwamba mimi sipo: "Huyu kanifanya nimshike. Aniletee kuku."

Ndiyo faini yao. Kuku anachinjwa, aibu inaondoka. Lakini kuku wa namna hii haachwi njiani. Anapelekwa nyumbani kwa mzee na aliyekosa mwenyewe: yaani mimi nimeitwa kwake.

Nilianza kucheka. Baba Koku alikuwa analia.

Jumatatu, 12 Juni

Jogoo tumempata kwa jirani tulikolala. Nimembeba mwenyewe hadi uani. Nikapiga magoti kwa mbali, heshima yote nikaitoa. Kisha nikasema na langu: miaka kumi hii, na kuudhiwa nimeudhiwa, sijampandia meli mwanawe. Mzee alimpapasa jogoo, akasema ni mwembamba.

Alimla, hata hivyo.

Baadaye aliuliza kupitia kwa Baba Koku mjukuu wake ana jina gani la Kisukuma. Hana. Akampa Kabula papo hapo, bila kuniuliza. Hasira zikapanda, zikashuka. Jina zuri.

Baba Koku ameniomba radhi kwa kunificha. Nimemsamehe nusu. Nusu nyingine aifanyie kazi.

Jumanne, 13 Juni

Ndaki ameendelea peke yake. Atawaonya Wazungu wake kuhusu minyaa. Sisi tumebaki.

Baada ya uji mzee alikuja na vigingi na kamba ya katani. Tukamfuata hadi kwenye kiwanja juu ya mashamba ya mpunga. Baba Koku akaanza kuonyesha mlango utakapokuwa. Mzee akamwambia anyamaze. Akauliza, macho yake chini kama inavyopasa, mwenye nyumba anataka mlango utazame wapi.

Ilinichukua muda kuelewa kuwa anayeulizwa ni mimi.

Nikasema ziwani. Kwetu ni ng'ambo ile. Akanung'unika kwamba mvua zote hutokea huko, tutalowa kila masika. Kisha akainama, akapigilia kigingi pale pale.